Nyapara wa Banda la Pili

Jina lake nalijua, na wachache waliobaki wa enzi zile wanalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Sisi wanawake tuliochagua korosho chini yake tulimwita Nyapara. Wenye maduka wa mtaa wa Chikongola walimwita Nyapara. Hata shehe, alipokwenda kumjulia hali mwaka ule alipougua mapafu, alibisha hodi akiuliza kama Nyapara yupo. Kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo. Kwao hasa ni wapi na alizaliwa na nani sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza. Nilimkuta tayari mtu mzima, nembo za Kimakonde zimefifia mashavuni, amesimama mlangoni mwa godauni la korosho karibu na bandari. Sisi wageni alitutazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Wenye viatu wavue," alisema. "Korosho haitaki kukanyagwa na mtu asiyeihisi."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mimi nilikuwa nimetoka Masasi kumfuata mume wangu, kuli wa bandarini, na mshahara wake ulikuwa unaisha kabla mwezi haujafika nusu. Kampuni ilikuwa na mabanda mawili ya kuchagulia korosho. Zilikuja kwa malori kutoka vijijini, zikamwagwa sakafuni, nasi tukakaa chini kwa safu, miguu tumenyoosha, tunatoa mbovu, changa na mawe. Wanaume walipakia nzuri kwenye magunia, wakayashona kwa shazia, zile sindano nene, wakayabeba hadi kwenye malori ya kwenda melini. Banda la kwanza lilisimamiwa na karani Mhindi. Banda la pili lilikuwa lake.

Alitamka r kama l, kama wengi wa kwetu kusini, na mshahara kwake ulikuwa mshahala. Sitaandika hivyo hapa, maana kwenye karatasi ingekuwa kama namcheka, na mdomoni mwake halikuwa jambo la kuchekesha. Hakupiga kelele. Alipita nyuma ya migongo yetu polepole, na kama umeachia korosho mbovu, aliiokota akaiweka mapajani mwako, akaendelea na safari yake. Ungeona heri akutukane.

Alikuwa mkali kwa wachelewaji. Ukifika mlango umefungwa, siku hiyo imekwenda, hata ulie. Lakini jioni ungemwona anapita kwako na kibaba cha unga ndani ya ukaya wake wa kichwani, anakuuliza habari za mtoto kana kwamba asubuhi hamkuonana. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiniache tu niingie kazini, kuliko kuniletea unga wake mwenyewe. Akasema mlango ni wa kampuni na unga ni wake, na yeye hachanganyi vitu.

Watoto wachanga walikatazwa kuingia. Nyapara aliwaachia wanaonyonyesha wawalaze nyuma ya mrundo wa magunia matupu, na Meneja wa kwanza, Mzungu mmoja mrefu mwenye uso mwekundu, alipoonekana anakuja, Nyapara alikohoa mara moja ili kila mama ajue. Siku moja mtoto alilia Meneja akiwa katikati ya banda. Nyapara akamwambia ni paka. Yule Mzungu akasikiliza kidogo, akasema paka huyo ana njaa, akatoka. Baada ya hapo alianza yeye mwenyewe kukohoa mlangoni kabla ya kuingia. Nyapara alimsifu kwa hilo hadi Mzungu huyo alipoondoka. Alikuwa na desturi ya kumpa mtu sifa yake hata kama ana kesi naye.

Na kesi alikuwa nayo.

Mambo ya mishahara hayakuwa siri wakati ule. Palikuwa na ngazi, na kila mtu alijua anasimama wapi. Mzungu juu, Mhindi chini yake, Mwafrika mwanamume chini ya Mhindi, na Mwafrika mwanamke alikuwa chini huko ambako hakuna mtu wa kumkanyaga. Karani Mhindi na Nyapara walifanya kazi moja, korosho zao zilichanganywa kwenye lori moja, lakini karani alilipwa mara kadhaa zaidi ya Nyapara. Hawakuwa maadui. Karani alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi, alimletea achari ya maembe ndani ya kikopo, na Nyapara alimtunzia mayai ya kuku wake. Karani naye alikuwa na donda lake, kwa sababu Mzungu kijana aliyekuja kusimamia malori, asiyejua korosho wala lugha, alimzidi mshahara tangu siku aliyoshuka kwenye ndege.

Habari ya Nyapara kwenda kumwona yule Meneja wa kwanza niliisikia kwake mwenyewe, naye aliisimulia bila kuipamba. Aliuliza kwa nini yeye na karani hawalipwi sawa. Meneja akamweleza vizuri tu, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba Mhindi amezoea kula wali, kuvaa viatu na kupeleka watoto shule, na maisha yake yana gharama. Mwafrika ana shamba, anakula muhogo wake, hahitaji mengi. Nyapara akamjibu kwamba anaponunua sukari Chikongola haulizwi kwanza yeye ni nani ndipo atajiwe bei. Meneja akacheka, akasema Nyapara ni mwanamke mwenye akili. Nyapara akarudi bandani.

"Alinisifu," alituambia. "Sifa hazipikiki."

Wala usidhani alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Alitufundisha sisi vijana kuwatii waume zetu, tena kwa mkazo, na yeye alikuwa ameacha wawili. Mmoja wetu alipothubutu kumkumbusha, alisema, "Niliwatii mpaka nikachoka." Alikuwa na binti, msichana mrefu mwenye aibu, na alimkataza kabisa kukanyaga godauni. Siku moja binti alimletea mama yake chakula, akachuchumaa pembeni yangu, na kwa mchezo akaanza kuchagua korosho mbili tatu. Nyapara alimchapa kofi mbele yetu sote. Yule mtoto alilia, na sisi tukamwona mama yake ni katili. Baadaye, akiwa ametulia, akivuta ugoro wake kidogo kidogo, alisema mikono ikizoea kuokota mapema itaokota milele. Sikumwelewa vizuri, nami niliudhika, kwa sababu mikono hiyo ya kuokota ndiyo iliyokuwa yangu.

Akikasirika aliwaita wanawake waliotoka ng'ambo ya Ruvuma kwa jina baya ambalo sitalirudia, ingawa nusu ya ndugu zake walikuwa huko. Vita vilipochacha kule, wanawake walivuka mto, wakapitia Kitaya, wakaja mjini kutafuta vibarua kwa malipo yoyote. Kampuni ikataka kuwapa chini ya tulichopata sisi. Nyapara, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amewatukana, alikwenda kusimama mbele ya dirisha la ofisi akauliza korosho watakazochagua wale zitaingia kwenye gunia lao peke yao, au letu. Wakalipwa kama sisi. Alirudi akaendelea kuwagombeza kwa kukaa vibaya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baadaye Mzungu aliondoka, kampuni ikaingia mikononi mwa wananchi, tukaletewa Meneja Mwafrika. Alikuwa mtu wa bara, msomi, mwenye sauti ya taratibu, anayesalimia wafagiaji. Tulimpenda. Siku ya kwanza alitukusanya uani, akasema katika kampuni hii rangi imekwisha, kazi moja mshahara mmoja. Nakumbuka Nyapara alivyopiga makofi. Alipiga hata wenzake walipokwisha kunyamaza.

Karani Mhindi naye aliaga akaenda zake Dar es Salaam kwa wanawe. Banda la kwanza likahitaji msimamizi, na Nyapara akaambiwa amfundishe kijana mmoja mpakiaji, Issa, aliyekuwa na elimu kidogo na adabu nyingi. Alimfundisha msimu mzima. Alimfundisha kusikiliza mlio wa korosho zikimwagwa, kujua nani anaumwa na anaficha, na namna ya kupita nyuma ya wanawake bila kuwafanya wajisikie wanawindwa. Issa alimwita Mama, na sikuona ndani yake hata chembe ya kiburi.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza kamili, Issa alikuja bandani saa ya chakula na furushi la gazeti. Ndani yake mlikuwa na doti ya khanga, ile nzuri, si ile ya kufulia. Alipiga goti, akampa kwa mikono miwili. Nyapara akaifungua, akaipapasa, akamshukuru na kumwombea dua. Kisha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameitazama khanga ileile dukani miezi mingi bila kuifikia, akamuuliza kwa upole amewezaje, na mke wake ana mimba.

Issa hakujua kwamba kuna cha kuficha. Akamwambia. Alipewa mshahara uleule wa karani Mhindi.

Nilikuwa nimekaa karibu. Nyapara aliikunja ile khanga upya, akafuata mikunjo yake ya dukani, akaiweka juu ya gunia. Akamwambia Issa arudi kazini, wanawake wake wanamsubiri. Mchana kutwa hakuweka korosho mbovu mapajani mwa mtu yeyote.

Kesho yake alikwenda kwa Meneja, na safari hii alinichukua twende wote, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa najua kusoma. Meneja alisimama kumpokea, akamvutia kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na nadhani aliamini alichosema, kwamba rangi imeondolewa kweli, lakini Issa ni mwanamume, ndiye kichwa cha nyumba, watu wanamtegemea. Mshahara wa mwanamke ni wa kusaidia tu.

"Kumsaidia nani, baba?" Nyapara akauliza.

"Mumeo, mama."

"Sina mume. Nina watoto wanne na mama yangu kipofu."

Meneja akasema anasikitika, lakini utaratibu hauangalii mtu mmoja mmoja. Nilimwona Nyapara anatafuta neno.

"Mwanangu," akasema, "yule Mzungu alipoipunja kazi yangu nilisema huyu ni mgeni, hanijui. Ninyi mnanijua. Mmezaliwa na mtu kama mimi."

Meneja aliinamisha kichwa. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi kuliko angekasirika. Wiki ile Idd ilifika, akampelekea Nyapara nyumbani kilo za sukari, na bahasha yenye fedha. Nyapara alipokea sukari, maana ilikuwa ya Idd. Bahasha aliirudisha kesho yake akasema kwa adabu kwamba zawadi mtu huipokea kwa kushukuru, na mshahara wake yeye hataki kuupokea kama zawadi.

Asubuhi iliyofuata alivua viatu mlangoni kama siku zote, akapita nafasi yake, akaja kukaa chini kwenye safu, kati yangu na mwanamke mmoja wa ng'ambo. Akanyoosha miguu, akavuta fungu la korosho. Tulidhani anatania. Alisema kama malipo yake ni ya kusaidia, basi atasaidia, na asiye na kazi asogee ampishe.

Alichagua korosho kwa msimu uliobaki. Wengine wetu tulitaka kugoma kwa ajili yake, akatukataza kabisa. Alisema hizi korosho zimelimwa na watu wa Mpapura na Newala, jasho lao halijamkosea mtu. Wengine walimchukia. Walisema anataka mshahara wa Mhindi wakati wao hata wa mbeba gunia hawaufikii, na akifukuzwa nani atakohoa kwa ajili ya watoto wao? Maneno hayo yalimfikia, nayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Usiku mmoja alinikuta kisimani, akaniambia hakuwa ametufikiria sisi. Alikuwa amedai chake tu. "Nimekaa nyuma ya migongo yenu miaka yote," alisema, "sikujua sakafu ni baridi hivi."

Issa aliendesha mabanda mawili peke yake akawa anakonda mbele ya macho yetu. Alikuja kumwomba Nyapara arudi, akakataliwa kwa upole. Alimwomba radhi kwa lile ambalo hakulitenda. Nyapara akamwambia asiombe radhi, aongeze ulezi kwenye uji wa mkewe.

Mwisho wa msimu ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi uani. Nyapara alipewa nafasi mwisho kabisa, watu walipokwisha kuanza kuinuka. Hakusema habari zake. Alisema wachaguaji walipwe sawa na wabebaji, na wasimamizi walipwe sawa wao kwa wao. Wanaume wakacheka. Mmoja akasema wanawake wakilipwa hivyo hawatatawalika majumbani. Nyapara akamtazama, kisha akatutazama wote.

"Mwenye mke anayefanya kazi hapa," akasema, "ambaye unga ukiongezeka nyumbani kwake ataumia, na anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Wanaume walitazamana, na hapo kicheko kikawa cha namna nyingine. Ndipo Issa akasimama. Hakuwa msemaji, alishika ukosi wa shati lake na kusema tu kwamba alichokijua kuhusu kazi ile alikipata kwa huyu mama, na kwamba yeye hawezi tena kupokea zaidi yake. Ama walipwe sawa ama yeye arudi kubeba magunia. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi huohuo. Sote tulijua anachokiweka rehani.

Meneja aliandika Dar es Salaam. Tulisubiri mpaka korosho za msimu mwingine zikaanza kuanguka. Jibu lilikuja nusu. Nyapara alipewa mshahara sawa na Issa, kuanzia mwezi ule. Ya nyuma yalikwenda na upepo. Wachaguaji tulibaki palepale.

Siku alipopokea, hakufanya sherehe. Alisimama mbele ya banda, akasema, "Mimi nimepata. Ninyi bado." Akaanza kupita nyuma ya migongo yetu. Lakini tangu hapo, kila msimu ulipofunguliwa, kabla lori la kwanza halijashushwa, alikwenda ofisini kuuliza habari zetu. Mameneja walibadilika, yeye akauliza. Na kila banda lilipofunguliwa alileta mikeka ya kwake, akatutandikia chini.

Alipozeeka aliondoka akaenda kukaa na mwanawe wa kiume huko Mpapura, kwenye shamba la mikorosho. Banda la pili nikaachiwa mimi. Nilimlilia kama mtu aliyefiwa.

Nilimwona tena mara moja tu, ule mwaka watu walipohamishiwa vijijini. Nilipanda lori la kampuni lililokwenda kuchukua korosho. Nilimkuta kwenye nyumba mpya kando ya barabara, udongo wa kuta bado mbichi, mikorosho yake imebaki mbali kwenye kijiji cha zamani. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alinipapasa mikono kabla ya kunijua, kisha akasema, "Tekla. Umenenepa, mwanangu," na akacheka.

Nilikuwa nimebeba habari. Nilimwambia kwamba tangu msimu huu wachaguaji wanalipwa sawa na wabebaji, wanawake kwa wanaume. Nilitarajia apige makofi kama siku ile ya Meneja mpya. Badala yake akaanza kuwaulizia wenzetu wa zamani, mmoja mmoja.

"Mama Zainabu yupo?"

Nikasema aliacha kazi, miguu ilivimba.

"Na yule mfupi, wa Naliendele?"

Alikuwa amehama na mumewe.

"Yule wa ng'ambo, aliyekuwa anaimba?"

Nikamwambia alifariki, kifua, mwaka uliopita.

"Basi haikumfikia," alisema. Akaendelea hivyo, jina baada ya jina, na kwa wengi nililazimika kumjibu vilevile. Waliofikiwa walikuwa wachache, na wengi wao wasichana asiowajua. Alipomaliza alijifuta uso na ncha ya ukaya. Akasema ni vizuri. Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ni vizuri.

Mkwewe alikuwa amechinja kuku kwa ajili yangu. Tulikaa mkekani, Nyapara, mwanawe na mimi. Chakula kilipowekwa, yule mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, baba wa watoto, alinyoosha mkono kwenye bakuli bila kutazama, kama mtu anayekwenda mahali anapopajua. Nyapara alilivuta bakuli kwake. Alitafuta kwa vidole ndani ya mchuzi, kwa sababu ya yale macho, mpaka akaipata firigisi, akaiweka juu ya ugali wangu.

Mwanawe akasema, nusu anacheka, "Mama, hiyo si yangu?"

"Ilikuwa," akasema Nyapara. "Kula, mwanangu Tekla, isipoe."

Hata siku moja sikuwahi kuonja firigisi, si kwa baba yangu wala kwa mume wangu. Ilikuwa ngumu kidogo, na chumvi ilikuwa imezidi. Niliitafuna mpaka ikaisha, wao wakiningoja.